Mkaguzi wa Nyuki na Kazi Yake

Leo twataka kuzungumza habari za mtu ambaye vijijini kwetu hajulikani sana, lakini katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika wafuga nyuki wamemzoea kama sisi tulivyomzoea Bwana Shamba. Mtu huyo ni mkaguzi wa nyuki. Yeye ni mtumishi wa Serikali. Huja nyumbani kwako amevaa wavu usoni na kushika chombo cha moshi mkononi, hufunua mizinga yako mmoja mmoja, hutazama masega, na akiona ugonjwa fulani ndani yake ana amri ya kuuteketeza mzinga huo kwa moto, nyuki na masega na asali yote pamoja.

Hapo mtu atauliza, naye ana haki ya kuuliza: Mali yangu niliyoipata kwa jasho langu, mgeni aichome moto kwa sababu gani? Tena asali yenyewe yalika, wala haimdhuru mtu! Swali hili si dogo, wala hatutalipita upesi. Wafugaji wa ng'ombe wamekwisha kuliuliza zamani. Sotoka ilipopita katika nchi za Afrika Mashariki miaka ya 1890 iliua ng'ombe wasio na hesabu, na watu wengi wakapatwa na njaa. Baadaye wenye mifugo wakajifunza, wengine kwa uchungu, ya kwamba ng'ombe wa mtu mmoja aweza kuwa hatari kwa ng'ombe wa nchi nzima. Nyuki ni vivyo hivyo, tena ni zaidi, maana ng'ombe hulala zizini, bali nyuki hana zizi. Asubuhi hutoka kwako, akaenda maili mbili au zaidi akitafuta chakula, nawe hujui ameingia kwa nani.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Kila mrina asali amewaona majana, yaani watoto wa nyuki, weupe kama lulu, wamejikunja katika vyumba vya sega. Malkia hutaga yai, na siku ya tatu yai huanguliwa, akatoka jana mdogo sana. Nyuki watumishi humlisha kwa siku tano au sita, kisha hukifunika chumba chake kwa kifuniko cha nta, na huko ndani hugeuka mpaka atoke nyuki mzima. Sasa, kuna kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho mbegu zake huingia katika chakula cha jana. Nyuki wakubwa hazipati kuwadhuru. Hula asali ile na kuichukua huku na huku wala hawaugui. Lakini jana aliyeanguliwa leo, akila mbegu kama 10 tu, hufa.

Mara nyingi hufa baada ya kufunikwa. Kwa hiyo mwenye mzinga asiye na mazoea hutazama sega lake akaona limefunikwa vizuri, akafurahi, kumbe chini ya vifuniko mna mauti. Aliye na mazoea huona mengine: vifuniko vimebonyea ndani badala ya kuvimba kidogo, rangi yake imekuwa nyeusi nyeusi na yenye mafuta, na vingine vimetobolewa vitundu visivyo sawa. Harufu hutoka, kama ya gundi ya seremala iliyochemshwa. Hapo mkaguzi huchukua njiti ya kiberiti, akaitia katika chumba, akaizungusha, akaivuta nje polepole. Kama jana ni mzima, hakuna cha ajabu. Kama amekufa kwa ugonjwa huu, mwili wake umeyeyuka ukawa ute wa rangi ya kahawa, nao hufuatana na njiti kama kamasi, uzi mrefu wa inchi moja hivi kabla ya kukatika. Chombo chenyewe ni njiti ya kiberiti tu, nacho kimefanya kazi kubwa kupita vyombo vingi vya thamani.

Wataalamu huuita ugonjwa huu uozo wa majana wa Kimarekani, na uko mwingine uitwao wa Kiulaya. Majina haya yasitudanganye. Hayana maana ya kwamba maradhi yalizaliwa katika nchi hizo, bali ni mahali walipokaa wataalamu waliochunguza kila moja. Ule wa Kiulaya huua jana mapema, kabla ya kufunikwa, naye huonekana amejipinda vibaya na kuwa wa manjano. Huo nao ni mbaya, lakini kijidudu chake hakina mbegu ngumu, kwa hiyo mara nyingine nyuki huponyeka: hukung'utwa wakaingia katika mzinga safi wenye masega mapya, na masega ya zamani huchomwa. Ule wa Kimarekani hauna msamaha wa namna hiyo katika sheria ya Uingereza.

Sababu ni zile mbegu. Jana aliyeoza hukauka akawa gamba jeusi lililoshikamana na ukuta wa chumba, hata nyuki hawawezi kulitoa. Katika gamba moja mbegu zaweza kuzidi milioni 100. Nazo hazifi kwa jua, wala kwa baridi, wala kwa kukaa bure. Zimeonekana kuwa hai baada ya miaka 35 na zaidi. Fikirini maana yake: mzee afa, mizinga yake yawekwa ghalani, mwanawe akua, aoa, apata watoto, kisha siku moja mjukuu aona masanduku ya babu na kusema, Haya ni mazuri, nitafuga nyuki. Naye huurithi ugonjwa pamoja na mbao.

Wengine husema, Mbona dawa zipo? Ni kweli, Marekani watu wengi walitumia dawa za kuua vijidudu kwa miaka mingi. Lakini dawa hukiua kijidudu kinachokua, wala haiziui mbegu. Basi mzinga huonekana umepona, mwenyewe huuza nyuki wake kwa moyo mweupe, na ugonjwa husafiri umefichwa chini ya dawa. Kisha vijidudu vyenyewe vikazoea dawa, visife tena. Kwa maoni yetu, nchi zilizochagua moto zilichagua vema, ingawa moto hauna huruma.

Na namna ugonjwa unavyosafiri, nusu ni kazi ya nyuki na nusu ni kazi ya binadamu. Twamsifu nyuki kwa bidii yake, nasi twasahau ya kuwa ni mnyang'anyi mkubwa. Mzinga ukidhoofika kwa ugonjwa, walinzi wa mlangoni huwa wachache. Nyuki wa jirani wenye nguvu huja, huingia, huiba asali yote, wakaichukua kwao pamoja na mbegu za mauti. Kwa hiyo mzinga wa mtu mvivu huwadhuru kwanza walio hodari. Upande wa binadamu ni huu: mtu hununua mizinga ya zamani mnadani bila kuiuliza habari, huwalisha nyuki wake asali ya dukani iliyotoka nchi asiyoijua, huchukua sega la mzinga mmoja akautia mwingine ili ausaidie. Haya yote hufanywa na watu wema.

Basi ndiyo sababu ya kuwako mkaguzi. Mwenye mizinga huiona yake tu. Mkaguzi huona ya wilaya nzima, naye ndiye awezaye kujua ya kwamba ugonjwa wa kijiji hiki ulitoka kijiji kile kwa njia ya mizinga mitatu iliyouzwa mwaka jana.

Desturi ya kuwaweka watu hawa si ya jana. Katika jimbo la California, Marekani, wilaya ya San Bernardino ilipata sheria ya uozo wa majana mwaka 1877, nayo ndiyo ya kwanza katika nchi ile. Ilipofika mwaka 1906, majimbo 12 ya Marekani yalikuwa na sheria kama hiyo. Huko Kanada, jimbo la Ontario lilitunga yake mwaka 1890, na mkaguzi wake William McEvoy akapata sifa kubwa kwa kuzunguka katika mashamba na kuwafundisha watu kuwakung'uta nyuki katika mizinga safi.

Tukumbuke neno moja hapa, maana bila hilo mkaguzi hawezi kitu. Zamani watu wa Ulaya waliwafuga nyuki katika vikapu vilivyosukwa kwa majani makavu, na masega yalishikamana na kikapu. Kuyatazama ilikuwa ni kuyakata. Mwaka 1851 Mmarekani mmoja, mchungaji Langstroth, aligundua ya kwamba nyuki huacha nafasi ndogo ya kupita kati ya vitu viwili, na wakiachiwa nafasi hiyo hasa hawaijazi nta wala gundi yao. Akatengeneza mzinga wa sanduku wenye viunzi vya mbao vinavyoning'inia, kila kimoja na sega lake, mtu aweza kukitoa na kukirudisha kama kitabu katika rafu. Baada ya hayo majimbo mengi yaliandika katika sheria kwamba kila mzinga uwe wa viunzi, ili mkaguzi apate kuona ndani.

Waingereza, ambao kwa mambo ya sheria hupenda kuongoza, kwa nyuki walichelewa. Mwaka 1906 habari zilitoka katika kisiwa cha Wight, kusini ya Uingereza, za nyuki walioshindwa kuruka. Walitambaa katika majani mbele ya mizinga yao mpaka wakafa, makundi kwa makundi. Msiba huo ukavuka bahari ukaenea nchi nzima, na kwa miaka kama 15 ulimaliza mizinga mingi mno. Watu walibishana sana juu ya asili yake. Kisha huko Aberdeen, Bwana John Rennie na wenzake waligundua utitiri mdogo sana ndani ya mirija ya pumzi ya nyuki, wakautangaza ulimwenguni. Wataalamu wa baadaye wamesema ya kwamba utitiri huo peke yake hautoshi kuwa sababu ya msiba wote, na mabishano hayo hayajaisha vizuri. Lakini Marekani hawakungoja mabishano yaishe: mwaka 1922 walitunga sheria ya kuzuia nyuki wakubwa wasiingizwe kutoka nchi za nje.

Uingereza yenyewe ilipata amri yake ya uozo wa majana mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya pili, wakati sukari ilipokuwa haba na asali ni kitu cha kutamaniwa. Tangu hapo mwenye nyuki alazimika kutoa habari akishuku ugonjwa, naye mkaguzi ana ruhusa ya kuingia mahali popote penye mizinga. Amri iliyofuatwa siku hizi katika England ni ya mwaka 2006, lakini shina lake ni lile lile.

Sasa tumtazame akiwa kazini. Mkaguzi mwema hutoa habari kwanza, ili mwenyewe awepo. Huja siku yenye joto, kwa kuwa nyuki wakipigwa baridi majana hufa. Hatozi hata senti. Huvuta moshi kidogo mlangoni, hufunua, hutoa viunzi kimoja kimoja, huwakung'uta nyuki ili aone vyumba vyote, maana jana mgonjwa mmoja aweza kuwa amefichwa chini ya nyuki mia. Huzungumza na mwenyewe, humwonyesha hiki na hiki, na mara nyingi mwenyewe hujifunza zaidi saa ile moja kuliko kwa mwaka mzima. Akimaliza huosha mikono na vyombo vyake kwa maji na magadi ya kufulia, kabla ya kwenda kwa mtu mwingine. Asipofanya hivyo, yeye mwenyewe angekuwa mchukuzi wa maradhi, na hilo lingekuwa aibu kubwa. Akishuku, hutumia njiti. Siku hizi ana na kipimo kidogo kinachoonyesha mistari kwa dakika chache, nacho humthibitishia. Kisha hukataza nyuki, masega, wala chombo chochote kisitoke mahali pale mpaka atakaporudi na kuona kwamba pamekuwa safi, na mizinga ya majirani nayo huenda akaitazama.

Kuchoma hufanywa jioni, nyuki wote wakiwa wamerudi. Mchana shimo limekwisha kuchimbwa. Mlango wa mzinga huzibwa, petroli humiminwa kwa juu, na kwa muda mfupi sauti ya ndani hunyamaza. Viunzi vyote, na nyuki wote, na asali, hutiwa shimoni na kuwashwa. Moto wa nta ni mkali. Ukiisha kuwaka, shimo hufukiwa ili nyuki wa kesho wasije wakalamba mabaki ya asali. Masanduku matupu, kama mbao zake ni nzima, hukwanguliwa na kuunguzwa ndani kwa taa ya moto mpaka yawe na rangi ya kahawa, nayo hutumika tena. Katika Uingereza Serikali haitoi fidia kwa mzinga uliochomwa. Ila wafuga nyuki wenyewe wamefanya chama cha bima, kila mtu hutoa fedha kidogo kila mwaka, na aliyechomewa mizinga hupata kitu cha kuanzia tena. Sisi twaona jambo hili ni kubwa sawa na sheria yenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mtu akijua kwamba atasaidiwa hana haja ya kuficha, na mkaguzi asiyefichwa kitu hufanya kazi ya wakaguzi kumi.

Walakini tusimtukuze mkaguzi kupita kiasi. Yako mambo yaliyomshinda. Uko utitiri mwekundu uitwao varoa, mkubwa kama kichwa cha pini, ambao asili yake ni nyuki wa Asia. Ukahamia kwa nyuki wa Kizungu, nao hawakuwa na njia ya kujilinda. Mwaka 1992 ulionekana Devon, Uingereza. Wakaguzi wakapima, wakakataza mizinga kusafirishwa, na bado ulienea karibu nchi nzima kwa miaka michache. Tangu hapo kazi yao kwa varoa imekuwa kufundisha, na kila mfugaji hupigana nao mwenyewe.

Australia yalitokea makubwa zaidi. Nchi ile ilikuwa imejilinda muda mrefu. Mwezi wa Juni 1922? La, si zamani hivyo. Ni Juni 2022, varoa alionekana katika mizinga ya kuchunguzia iliyowekwa bandarini Newcastle, katika jimbo la New South Wales. Serikali ikaamua kumfuta kabisa. Katika eneo lililopigwa marufuku nyuki wote waliuawa, hata katika mizinga isiyoonekana utitiri hata mmoja, na wenyewe wakasimama wakitazama. Maelfu ya mizinga yaliangamizwa. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ikatangaza kwamba vita hiyo imekwisha, varoa hafutiki tena, watu wajifunze kukaa naye. Je, walifanya vibaya kujaribu? Wako wasemao ndiyo, na aliyepoteza mizinga yake yote mwaka 2022 ana haki ya kuwa na uchungu. Sisi twadhani kujaribu kulikuwa kwema, maana saa ya kwanza hakuna ajuaye kama moto utazimika. Lakini mtu aliyeombwa kutoa nyuki wazima kwa ajili ya wengine hafai kurudi nyumbani mikono mitupu.

Na huku kwetu je? Wengi wetu twatundika mizinga ya magogo juu ya miti, na mkaguzi hawezi kuitazama ndani kama kitabu. Lakini nyuki wetu wana tabia iliyo kama dawa: wakiudhika huhama. Wakiona njaa, au moto, au wadudu, huacha kila kitu wakaenda mahali pengine, na masega waliyoacha huliwa na nondo wa nta, yakaisha. Wenye kurina nao huondoa masega mara kwa mara, hata hayazeeki. Varoa aligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na nyuki wa huku wamemstahimili bila dawa. Kuna na mende mdogo mweusi aishiye mizingani, asili yake ni Afrika kusini ya Sahara. Nyuki wetu humfukuza, au humfungia katika kona kwa gundi yao kama mfungwa, wakamlinda. Mende huyo alipofika Florida na kuonekana mwaka 1998 alifanya uharibifu mkubwa, na alipoonekana Italia ya kusini mwaka 2014 wakaguzi waliteketeza mizinga mingi kwa sababu yake. Mdudu wa kwetu tusiyemjali ndiye jambazi wa nchi za watu.

Na njia ile ile hurudi. Uozo wa majana wa Kimarekani uligunduliwa upande wa Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, karibu na mwaka 2009, katika nchi ambayo hapo kabla ilijiona salama. Kwa hiyo mtu akikuletea malkia wa kigeni katika kisanduku na kukuambia kwamba ni mpole na ana asali nyingi, au akikuuzia mizinga ya masanduku iliyotumika ng'ambo, usitazame bei peke yake. Mwulize cheti cha ukaguzi. Asipokuwa nacho, mwache aende zake.

Na wewe uliye na mizinga ya masanduku, ambao siku hizi wameongezeka, jaribu njiti kila unapofunua na kuona vifuniko vilivyobonyea. Njiti uliyoitumia ichome pale pale. Ukiona uzi ule wa rangi ya kahawa, funga mzinga, punguza mlango uwe mdogo hata wezi wasiingie, wala usitoe sega kumpa mtu. Kisha kata kipande cha sega chenye majana, ukubwa wa kiganja, kisicho na asali. Kifunge kwa karatasi, wala si kwa mfuko wa plastiki wala mkebe, maana humo kitaota ukungu na hakitafaa kitu. Andika jina lako, kijiji chako, na siku uliyokikata, ukipeleke kwa afisa wa nyuki wa wilaya yako, au kwa afisa wa mifugo kama huyo hayupo.